Rovu Lililoshuka Kifuani

Wapendwa, nawaomba mliokaa nyuma msogee mbele. Sauti yangu haifiki mlangoni, na haya ninayotaka kusema siwezi kuyasema mara mbili. Kina mama wenye watoto wachanga kaeni upande wa dirisha. Mungu aliyetuamsha katika kiangazi hiki, sisi na mbuzi wetu, apokee sifa zake. Haya.

Mchungaji aliniambia, "Bibi Foibe, Jumapili tupe ushuhuda wa uponyaji." Nikamjibu, nitatoa, ila usiwaandae watu kwa vigelegele. Nilipona, ndiyo, mnaniona nimesimama. Lakini kupona kwangu kuna upande usioimbiwa, na huo ndio ulionileta hapa mbele.

Mimi shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vijiti, lakini majina sisahau. Nikimwona mtu, jina lake na la mama yake yanabaki kichwani. Kwa hiyo walionisaidia nitawataja wote. Walioniumiza siwataji, na msidhani nimesahau.

Mnakumbuka Eunike, binti yangu wa kwanza. Alikufa kwa uzazi, akaniachia kitoto mkononi, Tabitha. Baba wa mtoto alikuwa amekwenda Mererani kuchimba mawe ya bahati, na mpaka leo hatujui kama aliyapata au yalimwangukia. Mama yake huyo kijana, mkwe mwenzangu, aliniambia siku ya matanga, "Mlee wewe, mkwe. Mimi mikono yangu imejaa." Nikamlea. Maziwa ya mbuzi, uji wa uwele, mgongoni mwangu shambani, mgongoni mwangu kisimani. Mume nilikuwa nimeshamzika, na binti naye nimemzika. Ndugu zangu, nawaambia, kama si yule mtoto nisingekuwa na sababu ya kuamka nipepete uwele. Ningelala tu.

Ilikuwa ile miaka wakubwa waliposema ruksa, kila mtu auze alichonacho. Mitumba ikaja, sabuni za rangi zikaja, redio zikapiga kelele kila kibanda. Hospitali nazo zikaanza kudai mchango. Mimi nilichokuwa nacho ni chumvi. Kazi yake mnaijua wote mliozaliwa huku ukingoni mwa mbuga ya Bahi: unakwangua ule udongo mweupe wakati wa jua, unauchuja kwa maji kwenye chungu kilichotobolewa, unachemsha hayo maji mpaka chumvi ibaki. Mama alinifundisha, naye alifundishwa na mama yake. Wote wawili walikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni, na mimi lilinitoka nilipomzaa Eunike. Nani hapa hana shangazi mwenye rovu? Wanawali waliokuwa nalo walilizungushia ushanga lipendeze. Lilikuwa kama pua. Uliona wapi mtu anakwenda hospitali kusema ana pua?

Baadaye nikaona rovu limepungua. Nililipapasa nikakuta nusu yake haipo, nikamshukuru Mungu. Kumbe halikupungua. Lilishuka.

Sikujua. Nilichojua ni kwamba nikijitwisha ndoo ya chumvi, mkono mmoja juu kuishika, kabla sijafika barabarani kichwa kinajaa. Kinajaa kama kibuyu cha togwa lililochacha. Macho yanatoka, masikio yanavuma. Nikiitua ndoo, nikishusha mkono, baada ya kitambo kinapungua. Wenzangu wa chumvi walikuwa wananicheka.

"Foibe, leo uso umekuwa mweusi kama sufuria."

"Sufuria ya nani?"

"Ya msibani, ile isiyosuguliwa."

Na mimi nikacheka nao.

Siku ya kwanza kutapika damu nilikuwa napika mlenda. Tumbo halikuuma. Kichefuchefu tu, nikainama nje ya mlango, nikaona mchanga umekuwa mwekundu. Tabitha alikuwa pembeni, akaniuliza, "Bibi, umekula nini chekundu?" Nikamwambia rosela. Kesho yake choo kilikuwa cheusi, kinanata kama lami.

Zahanati walisema vidonda vya tumbo. Wakanipa vidonge, wakaniambia ninywe maziwa na niache pilipili. Siwalaumu, wangejuaje? Nikanywa vidonge. Nikatapika tena. Nikakonda. Mtu akikonda miaka ile, mnajua alichoitwa. Wengine walisema ni ule ugonjwa mpya. Wengine wakasema hapana, huyo anakunywa gongo kwa siri, ndiyo maana anakwenda mjini na chumvi anarudi mikono mitupu. Kisimani waliniachia nafasi. Si ya heshima. Ya kutonigusa.

Wakati huo ndipo ulipokuja mkutano wa injili, ule wa jenereta na spika mbili juu ya mti. Nilikwenda kwa mguu wangu, sikuburutwa. Nilitaka kuombewa. Mhubiri akasema wote tuinue mikono juu kwa Bwana, tusishushe mpaka tujibiwe. Nikainua. Kichwa kikaanza kujaa. Nikasema moyoni, leo sishushi, leo naomba uzima wa kumlea mtoto huyu. Sikumbuki kuanguka. Nilipozinduka nilisikia kwenye spika, "Mmeona? Jina la Bwana likitajwa, pepo linapanda usoni."

Wapendwa, ninyi mlikuwepo. Mliniona uso umevimba, midomo ya buluu, mishipa ya shingo imesimama. Na kila nilipoinua mikono ilikuwa hivyo hivyo. Nikiishusha napoa. Hata mimi ningesema ni pepo. Mimi mwenyewe nilisema ni pepo.

Siku ya kufunga mkutano waliniweka katikati. Mhubiri akasoma habari za Musa juu ya kilima, kwamba alipoinua mkono Israeli walishinda, na alipochoka Haruni na Huri walimshika mikono, huyu upande huu na huyu upande huu. Akachagua wanaume wawili wenye nguvu. Wakanishika mikono juu. Mioyo yao ilikuwa mizuri, nataka mjue hivyo. Walikuwa wananilia machozi.

Nilisema, "Niachieni, nakufa."

Mhubiri akasema, "Msiache. Hiyo si sauti yake, hilo ni pepo linaomba."

Nikasema tena. Safari hii sauti haikutoka. Kilichotoka ni damu, nyingi, ikaruka mpaka kwenye kanzu ya mhubiri. Na watu wakapiga vigelegele. "Linatoka! Linatoka!" Nilisikia vigelegele hivyo, na kwa mbele, pale wanapokaa watoto, nilimwona Tabitha ameziba macho kwa viganja viwili.

Nimesema sitaji jina. Alasiri ile mkwe mwenzangu alikuja nyumbani kwangu na shemeji zake. Nilikuwa kwenye mkeka, siwezi kuinua kichwa. Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini akasema, "Mkwe, sina ugomvi na wewe. Lakini damu yangu haitalala nyumba yenye pepo linalokunywa damu." Wakamchukua mtoto. Nguo zake hawakuzichukua. Nilimsikia analia mpaka walipovuka korongo, halafu sikumsikia tena.

Baada ya hapo sina la kuwasimulia. Nililala. Nilikataa uji. Jirani yangu Mwaja alileta maji, akayaweka mlangoni, akaenda. Niliomba kitu kimoja tu, kwamba damu ije yote kwa mara moja nisisumbue watu. Kuna watu husema katika giza waliona nuru. Mimi sikuona. Niliona paa la tembe na buibui, nikamwonea wivu buibui kwa sababu alikuwa na kazi.

Aliyenitoa pale ni Dorkasi, mke wa mwanangu Yeremia, wanaokaa Mkonze nje kidogo ya mji wa Dodoma. Alikuja na basi la mnada.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kuzika?"

"Nimekuja kuchukua vyungu vyako. Nauza mjini. Na wewe utapanda navyo, maana sijui bei zake."

Alinidanganya kama mtoto. Vyungu vyenyewe vilibaki uani.

Mjini nililazwa hospitali. Walinipima ini, wakasema ini ni zima. Walinipima kichocho, wakasema hakuna. Daktari mmoja aliniuliza, "Bibi, unakunywa pombe?" Nikasema, siku za harusi. "Kiasi gani?" Nikasema, kiasi cha harusi. Akaandika. Damu yangu ilikuwa imekwisha, ikatakiwa ya kuongezwa. Yeremia alitoa, haikutosha. Hapo ndipo jirani yao wa Mkonze, Bi Zuhura binti Ramadhani, watu wa mjini wa tangu enzi za misafara, aliwaleta wanawe wawili wauza mitumba, Idi na Salumu, wakatoa. Bi Zuhura akanikalia kitandani akasema, "Haya bibi, sasa una damu ya Kiislamu humo. Kitimoto kwaheri." Nilicheka, na tangu nichukuliwe mtoto sikuwa nimecheka. Halafu nikalia, akanishika mguu mpaka nikanyamaza.

Walinipa dawa za vidonda, wakaniruhusu. Nikatapika tena, nikarudi. Wakaniruhusu. Nikarudi. Safari ile ya mwisho nilimwambia Dorkasi, "Mwanangu, imetosha. Nirudishe nikafie kwenye vyungu vyangu." Naye hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba hakubisha. Alifunga khanga zangu kwenye kifurushi.

Daktari wa zamu siku hiyo alikuwa kijana, Benedikto, ameletwa karibuni. Alipita akakuta tumefungasha. Akauliza maswali yale yale, nikajibu yale yale. Alipogeuka kuondoka, Dorkasi akasema, anaangalia sakafu, "Daktari, kuna jambo. Lakini ni la kanisani, sijui kama linahusu hospitali."

"Liseme."

"Akiinua mikono kuomba, pepo linampanda. Uso unakuwa mweusi. Akishusha, linaondoka."

Nilitamani kitanda kinimeze. Nilijua atacheka. Hakucheka. Akarudi, akavuta kigoda. "Linapanda kila akiinua?"

"Kila akiinua. Hata akijitwisha ndoo."

"Bibi, naomba uinue mikono."

"Baba, utaniua."

"Nitakushika mimi mwenyewe. Nikisema shusha, unashusha."

Niliinua. Akanitazama usoni, si kama watu wa mkutano walivyonitazama. Kichwa kikajaa. Masikio yakavuma. Akasema upesi, "Shusha, shusha mama yangu." Halafu akaisogeza khanga niliyojitanda mabegani, akapapasa rovu, akaniambia nimeze mate, akapapasa tena chini kwenye shimo la koo. 

"Hili ni la tangu lini?"

"Tangu nizae binti yangu."

"Mbona hukutuambia?"

"Kwani hamkuliona?"

 Wahenga wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sikuficha, wapendwa. Lilikuwa shingoni, watu wote waliliona, ndiyo maana hakuna aliyelitazama.

Alinipiga picha ya kifua. Akanionyesha kwenye taa: rovu limeshuka nyuma ya mfupa wa kifua, limekaa kama jiwe mlangoni. Akanieleza kwa lugha yetu. "Bibi, korongo likizibwa mvua ikija, maji yanafanya nini?" Nikasema yanaingia shambani. "Ndiyo hivyo. Damu ya kichwani na mikononi inashuka kwa mshipa mkubwa. Rovu limeukandamiza. Damu ikatafuta vijimishipa vya kwenye koo la chakula, ikapita humo. Vikavimba, vinapasuka. Ukiinua mikono, mlango unabana zaidi." Akasema ni jambo la nadra sana, yeye alilisoma kitabuni tu. Nikamuuliza, na pepo? Akasema hajui habari za pepo, lakini hili ni nyama.

Alituandikia kwenda Dar es Salaam. Tulishuka kwa treni, daraja la tatu, Dorkasi amenilaza mapajani. Huko walinimezesha mpira wenye taa, wakaiona ile mishipa. Nesi mmoja, Sista Paskalina, alinieleza kwamba wagonjwa wa ini mishipa yao huvimba chini karibu na tumbo, yangu ilikuwa juu karibu na shingo, na hilo likathibitisha maneno ya Benedikto. Wakanipasua. Shingo, na mfupa wa kifua wakaufungua. Rovu likatoka. Tangu hapo sijatapika damu hata tone, na vidonge vya kila asubuhi nitameza mpaka mnizike.

Lakini sauti ilikwenda na rovu. Mnayoisikia ndiyo iliyobaki. Mimi niliyekuwa nikianzisha nyimbo kanisani humu, sasa hata kuku hawageuki nikiwaita.

Niliporudi, kabla sijafungua mlango wangu nilivuka korongo. Nilimkuta Tabitha anatwanga na wenzake. Nikamwita. Akanitazama. Nikamwita tena.

Akamwambia mwenzake, "Huyu mama anamtafuta nani?"

Nikasema, "Tabitha, ni bibi."

Akarudi nyuma. "Bibi yangu ana shingo kubwa. Na bibi yangu haongei hivyo."

Mtoto yule tangu mchanga alilala ameweka mkono juu ya rovu langu. Alilishika kama wengine wanavyoshika titi. Na sauti yangu ndiyo aliyoijua gizani. Vyote viwili nilikuwa nimeviacha Dar es Salaam kwenye ndoo. Mkwe mwenzangu alitoka nyumbani, akaniona, akanisalimia kwa adabu, akanipa kigoda. Hakusema mtoto arudi, nami sikuwa na nguvu ya kumdai mtoto anayeniogopa. Nikanywa maji nikaondoka.

Mnaniambia nimepona, nishukuru. Nashukuru. Lakini jioni napika ugali wa mtu mmoja, na sijazoea.

Sasa anaruhusiwa kuja kwangu siku za likizo. Ananiita bibi, kwa kuwa ameambiwa. Na likizo hii iliyopita nilikuwa namsuka nywele, akainamisha kichwa, halafu akakiinua. Nikaona. Kadogo, kama kokwa la embe changa, pale pale shingoni. Nikamwambia ameze mate. Kakapanda, kakashuka.

Ndugu zangu, Sista Paskalina alinifundisha kwamba marovu yetu yanatokana na kukosa kitu kwenye chumvi. Chumvi ya udongo wetu haina. Ile ya pakiti inayouzwa sasa madukani, yenye madini joto, inacho. Mimi niliyeishi kwa kuuza chumvi ya mbugani nimeacha. Inaniuma, ni kazi ya mama yangu. Lakini chungu cha nyumba anayokaa Tabitha si changu, siwezi kukitia chumvi.

Namshukuru Dorkasi, aliyesema la kanisani hospitalini. Namshukuru Benedikto, ambaye hakucheka. Bi Zuhura, na Idi na Salumu ambao damu yao ndiyo inayonisimamisha hapa. Yeremia mwanangu. Sista Paskalina. Mwaja, aliyeleta maji wakati wengine hawakuleta. Na ninyi mnaokwenda hospitali, semeni yote. Msichague lipi la daktari na lipi la mchungaji. Hamjui, kama nisivyojua mimi. Na mkimwombea mtu akasema anakufa, mwachieni mikono. Mungu anasikia hata mikono ikiwa chini.

Mkwe mwenzangu, wewe uliyekaa hapo kati yao, sasa nasema na wewe. Sikudai uniombe radhi. Uliona damu, ukamwokoa mtoto, pengine hata mimi ningefanya hivyo. Mtoto abaki kwako, sigombani tena. Ninachoomba mbele ya hawa wote ni ruhusa ya kumpeleka Dodoma shingo yake ikatazamwe, sasa hivi ikiwa kokwa, isisubiri kushuka. Dorkasi atatupokea. Basi la mnada linapita Jumanne.

Niambie ndiyo au hapana. Miguu inaniuma, lakini sitakaa mpaka unijibu.